Kufunga habari ili kusali: siku arobaini bila taarifa, na ukurasa mmoja wa daftari

#1 – Mleta uzi

Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu wanajukwaa, nimekawia kuuleta uzi huu kwa kuwa una mtego ndani yake: mtu aliyejitenga na kelele, kisha akaja kuwatangazia watu kwamba amejitenga, huenda hajajitenga na chochote. Nimeamua kuandika hata hivyo, kwa sababu kila Kwaresima na kila Majilio hurudi swali la kama Mkristo ajitenge na habari ili asali, na majibu huwa ni yaleyale mawili. Wapo wasemao kwamba Mkristo anayefumba macho asione yanayoipata dunia anakimbia wajibu wake. Wapo wasemao kwamba vyombo vya habari vimejaa uongo na uchafu, kwa hiyo mwenye imani avitupilie mbali. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinapima kitu kilekile, yaani wingi wa habari ambazo mtu anazijua, na zote zinaacha kuuliza habari hizo zikishaingia moyoni zinafanyiwa nini humo.

Nianze na hali niliyokuwa nayo. Nilikuwa nikiamka saa kumi na moja alfajiri kwa mlio wa simu, na mkono uliokwenda kuuzima mlio ndio uliobaki na simu. Kabla sijafanya ishara ya msalaba nilikuwa nimekwisha kujua ni waziri gani amejiuzulu, ni mji gani umepigwa usiku, na ni mtu gani maarufu amemjibu mwenzake kwa maneno makali. Kidole gumba kilikuwa kikiisukuma skrini juu hata kabla macho hayajazoea mwanga wake. Nilipofungua Masifu ya Asubuhi, zaburi ilipita midomoni, lakini kichwani liliendelea bishano la watu wawili nisiowafahamu, nami nilikuwa nikimtungia mmoja wao jibu ambalo hatalisikia kamwe. Saa za sala nilizishika zote, na kama ungeniuliza ningekuambia bila kusita kwamba mimi ni mtu wa sala.

Usiku wa kuamkia Jumatano ya Majivu nilifuta kwenye simu programu zote za habari na za mitandao ya kijamii, nikanyamazisha makundi yote ya mazungumzo, nikanunua saa ya mezani ya kuniamsha, na simu yenyewe nikaiweka kwenye droo ya kabati la sebuleni. Redio na runinga sikuzigusa hadi Pasaka.

Wiki ya kwanza ilinifedhehesha. Mara nyingi nilijikuta nimesimama mbele ya ile droo bila kukumbuka nimeinuka saa ngapi. Evagrius wa Ponto, mmonaki aliyeishi katika jangwa la Misri mwishoni mwa karne ya 4, aliieleza hali hiyo kwa usahihi unaochekesha. Anasema pepo wa uvivu wa roho humjia mmonaki kuanzia saa nne hadi saa nane, na sisi tunaohesabu saa kuanzia mapambazuko hatuhitaji kufasiriwa hesabu hiyo. Humfanya alione jua kama limesimama na siku kama ina saa hamsini, kisha humsukuma atazame dirishani, atoke nje, alipime jua aone kama saa tisa imekaribia, na aangaze huku na huku kama kuna ndugu anayekuja kumtembelea. Mmonaki yule alikuwa na dirisha tu, na lilimtosha.

Siku ya tisa ndipo lilipotokea jambo lililonifanya niandike uzi huu. Jioni, wakati wa kuchunguza dhamiri, nilichukua daftari nikaandika majina ya watu wote niliowakumbuka kutoka katika habari za mwezi uliotangulia: viongozi, watuhumiwa, waliokufa ajalini, waliotekwa, hata msanii mmoja aliyekuwa akisemwa vibaya kila siku. Wale ambao sikuyajua majina yao niliwaandika kwa hali zao, kama vile "mama aliyepoteza watoto mafurikoni" na "askari aliyeonekana akilia". Ukurasa ukajaa, maandishi yakapanda hadi pembeni. Kisha nikaanza kuweka alama mbele ya kila mtu niliyemwombea walau Salamu Maria moja. Kalamu ilishuka kutoka juu hadi chini bila kuweka alama hata moja. Nilikuwa nimewatazama, nimewahurumia kwa muda wa kusoma mistari mitatu, wengine nimewahukumu, na baadhi yao nimewasambaza kwa wenzangu nikiongeza neno langu la mzaha.

Ndipo kisa cha Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, ambacho nilikuwa nakijua tangu mafundisho, kilipopata uzito mwingine kwangu. Mwaka 1887 nchini Ufaransa magazeti yalijaa habari za Henri Pranzini, mtu aliyehukumiwa kifo kwa kuwaua watu watatu jijini Paris. Teresa alikuwa na umri wa miaka 14, hajaingia bado utawani, na baba yake alikuwa amewakataza mabinti zake kusoma magazeti. Habari ile ilimfikia hata hivyo, kwa kuwa kila mtu alikuwa akiizungumza. Yeye akaifanya kuwa kazi yake: akamwombea mtu yule, akamshirikisha dada yake Selina, wakamwombea Misa, na akamwambia Mungu kwamba ana hakika ya huruma yake hata kama Pranzini asipoonyesha dalili yoyote ya toba, ila kwa faraja yake mwenyewe anaomba ishara moja tu. Pranzini aliuawa tarehe 31 Agosti 1887. Kesho yake Teresa alilifungua gazeti la *La Croix*, akasoma kwamba mtu yule alipanda jukwaani bila kuungama, kisha ghafla akageuka, akaushika msalaba ambao padre alikuwa amemwonyesha, akabusu majeraha yake mara tatu. Teresa alimwita Pranzini mtoto wake wa kwanza.

Tazameni jinsi habari zilivyogawanyika. Ufaransa nzima ilijua mengi kuhusu Pranzini, na bila shaka wengi waliyajua kwa undani kuliko msichana yule. Yeye alijua kidogo, akakibeba chote.

Bwana wetu mwenyewe aliletewa habari, na jambo hili huwa tunalipita haraka katika Injili ya Luka, sura ya 13. Watu walimjia na taarifa mbichi ya Wagalilaya ambao Pilato aliichanganya damu yao na sadaka zao. Ilikuwa habari yenye kila kitu kinachoifanya habari isambae: damu, siasa, na mahali patakatifu palipotiwa unajisi. Yesu hakuwakatalia kuisikiliza, na yeye mwenyewe akaongeza habari nyingine, ya mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18. Alichowanyima ni ile raha ya kuketi na kupima nani alikuwa na dhambi kuliko nani. Akawarudishia swali kwao wenyewe: msipotubu, ninyi nanyi mtaangamia vivyo hivyo. Tangu nilipoyatafakari maneno hayo kwa muda wa kutosha, nimekuwa nikiona kwamba sehemu kubwa ya uchambuzi wetu ni majaribio ya kuliepuka swali hilo.

Mababa wa Kanisa waliujua ugonjwa huu. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, anakiri kwamba haendi tena kwenye viwanja vya michezo kumwona mbwa akimkimbiza sungura, lakini akiwa njiani na mbwa akatokea shambani akimfukuza sungura, mawazo yake yote huvutwa huko; na akiwa ameketi nyumbani, mjusi anayekamata nzi au buibui anayewanasa humchukua vilevile. Anauita udadisi huo tamaa ya macho. Askofu mzima, mwenye akili ile, anaibiwa sala na mjusi! Mimi na simu yangu tulifarijika kidogo. Naye Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 67 ya Kanuni yake, anaagiza kwamba mmonaki aliyerudi safarini asithubutu kuwasimulia wenzake aliyoyaona na kuyasikia nje, kwa maana jambo hilo huleta madhara makubwa. Nilipoisoma mara ya kwanza niliiona kanuni hiyo kuwa kali kupita kiasi, lakini baada ya siku ya tisa sikuiona hivyo tena.

Lazima pia nikiri kosa langu, wasije wengine wakalirudia. Nilipoyanyamazisha makundi yote nilinyamazisha na kundi la kwaya. Mwanakwaya mwenzangu alifiwa na mama yake katika wiki ya tatu ya Kwaresima, taarifa ikatolewa humo, nami nikaja kujua siku mbili baada ya maziko. Nilipokwenda kumpa pole alinipokea vizuri, akasema tu, "Nilidhani umesafiri." Nilikuwa sebuleni kwangu, nikitafakari upendo. Nilijifunza kwamba habari za watu waliokabidhiwa kwangu na habari za dunia nzima haziwezi kukatwa kwa mkasi mmoja.

Naomba wenye uzoefu wachangie, na wenye kupinga wapinge.

#2 – Mchangiaji (mwandishi wa habari)

Milele na milele, amina. Ndugu mleta uzi, nimekusoma hadi mwisho na sehemu kubwa naiafiki, lakini niseme kama Mkatoliki ambaye mkate wake ni uandishi wa habari. Ninyi wenzetu mnaojitenga huwa mnatuacha sisi ndani ya kelele na kuondoka na dhamiri safi. Mhanga wa dhuluma akitafuta mtu wa kumsikiliza, mara nyingi anatafuta mwandishi. Na mwandishi akiandika pasiwe na msomaji, mdhulumu hana cha kuogopa. Mlinzi wetu mbinguni ni Mtakatifu Fransisko wa Sales, aliyetangazwa na Papa Pio XI mwaka 1923 kuwa msimamizi wa waandishi, na alipewa heshima hiyo kwa sababu watu wa Chablais, eneo la Waprotestanti karibu na Geneva, walipokataa kuja kumsikiliza alichapisha makaratasi na kuyapenyeza chini ya milango yao. Yeye alikuwa ndiye kelele mlangoni mwa watu.

Jambo la pili ni malalamiko. Taarifa za uongo ninazolazimika kuzikanusha kila wiki, zikiwemo za miujiza isiyokuwepo na maneno ambayo Papa hakuyasema, husambazwa kwa bidii na watu wa sala. Afadhali wasome zaidi, na wasome vizuri.

#3 – Mleta uzi

Ndugu mwandishi, hoja yako naipokea, na Kanisa liko upande wako zaidi kuliko wanavyodhani wengi. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu vyombo vya mawasiliano, *Inter Mirifica*, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, inasema wazi kwamba jamii ya wanadamu ina haki ya kupata habari. Hati hiyohiyo, inapowageukia watumiaji na hasa vijana, inawataka wajizoeze kiasi na kujitawala. Nayo Katekisimu, katika namba 2496, inaonya kwamba vyombo hivi vinaweza kumfanya mtumiaji awe mpokeaji tu, asiye macho kuhusu anachoambiwa au kuonyeshwa. Nilikuwa huyo. Kuhusu taarifa za uongo, wala sibishi: namba 2477 inataja hukumu ya haraka, usengenyaji na usingiziaji kuwa makosa dhidi ya heshima ya mtu, na mimi nilikuwa nayatenda yote matatu kabla ya staftahi nikidhani nafuatilia mambo ya dunia.

Hata watawa waliojitenga kupita wote, Wakartusi, ambao Mtakatifu Bruno aliwaanzishia maisha yao mwaka 1084, hawaachwi gizani kabisa. Hawana redio wala runinga, bali mkuu wa nyumba huwapa habari zile zinazowapasa kuzijua, ili waziombee. Habari zinaingia kwa mlango mmoja, na mlango una bawabu.

Mfano unaonisaidia zaidi ni wa Papa Fransisko. Mwaka 2015 alimweleza mwandishi wa gazeti moja la Argentina kwamba hajatazama runinga tangu tarehe 15 Julai 1990, kwa ahadi aliyomwekea Bikira Maria wa Mlima Karmeli, na kwamba husoma gazeti moja tu kwa dakika zipatazo kumi. Matokeo ya timu yake ya mpira aliletewa na askari mmoja wa kikosi cha Uswisi kinachomlinda Papa, aliyekuwa akimwachia mezani. Hakuna aliyeweza kumwambia mtu huyo kwamba hajui maskini wanaishije au vita viko wapi.

#4 – Mchangiaji (mama wa watoto watatu)

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zangu, mazungumzo yenu ni mazuri, ila mnazungumza kama watu wenye milango ya kufunga. Mafungo ya kiroho ya siku nane mimi nayasikia yakitangazwa kanisani kama mtu anavyosikia habari za nchi ya mbali. Kwangu kelele si habari peke yake, na nikizima runinga wanabaki watoto watatu.

Hata hivyo nilijaribu jambo dogo. Nilikuwa na mazoea ya kuosha vyombo vya usiku huku redio ikisoma taarifa ya habari. Majilio yaliyopita niliizima kwa muda huo tu, labda dakika ishirini. Siku ya kwanza mtoto wa pili alikuja jikoni akasimama mlangoni akauliza, "Mama, umekasirika?" Nilicheka, kisha nikaona haya, kwa sababu mtoto amezoea kwamba nyumba ikiwa kimya basi kuna ubaya. Sasa huja mara nyingine akafuta sahani, na hatusemi kitu. Kusali kwenyewe sijui kama nasali. Swali langu ni hili: je, hiyo inahesabiwa?

#5 – Mleta uzi

Dada, Mtakatifu Ignasi wa Loyola alikuwa amekuona. Katika maelekezo ya mwanzo ya Mazoezi yake ya Kiroho, la 20 ni la mtu anayeweza kuyaacha yote na kwenda faragha kwa muda wa mwezi hivi. La 19, lililotangulia, ni la mtu aliyefungwa na shughuli, ambaye anapewa mazoezi yaleyale nyumbani kwake kwa saa moja na nusu kila siku. Najua hata saa moja na nusu huna. Ninachotaka kusema ni kwamba Kanisa halikuwahi kumdai kila mtu jangwa la mchanga. Marko anaandika kwamba Yesu aliwaita mitume wake faraghani wakapumzike kidogo, kwa sababu watu waliokuja na kwenda walikuwa wengi hata nafasi ya kula haikuwepo; na wakafika huko, wakaukuta umati umewatangulia. Faragha yao iliishia kwenye chombo, majini, katika kuvuka. Dakika zako ishirini za vyombo ni ndefu kuliko unavyodhani.

Kuhusu kusali au kutosali wakati huo, nisingependa kukuongezea mzigo. Ila kama kuna jina moja ulilolisikia mchana, lichukue pale kwenye karai.

#6 – Mchangiaji

Mleta uzi, nina swali la kiutendaji. Masifu yangu, masomo ya Misa na hata tafakari ya kila siku nayasoma kwenye simu. Nikiifungia droo, nimejifungia na sala. Na nikiifungua kwa ajili ya sala, arifa zinanisubiri mlangoni. Jambo jingine: mtu anajuaje habari ipi aisome na ipi aiache, kama hataki kuacha zote?

#7 – Mleta uzi

Kwa swali la kwanza sina ufundi wa ajabu. Nilirudi kwenye kitabu cha karatasi, na kwa anayeshindwa kukipata, simu nyingi zinaweza kuhifadhi masomo ya wiki nzima kisha zikakatwa intaneti wakati wa sala. Jumatano ya Majivu ya mwaka 2020, tarehe 26 Februari, Papa Fransisko aliwaambia mahujaji kwamba Kwaresima ni wakati wa kuzima runinga na kufungua Biblia, wa kujitenga na simu na kujiunga na Injili. Alikuwa akiongea na watu ambao wengi wao, bila shaka, Injili yenyewe wameibeba kwenye simu. Ni juu yetu kutafuta namna. Kwangu mimi kidole gumba ndicho kilichohitaji kazi nyingine, kwa hiyo rozari iliingia katika mfuko uleule wa simu. Wiki mbili za mwanzo kilikuwa kikizisukuma punje juu kwa haraka ileile, hata makumi matano yakaisha kabla sijafika kituoni.

Swali la pili ni zito zaidi, nami nitarudi kwa Ignasi. Mwaka 1521 alijeruhiwa mguu kwa mzinga huko Pamplona, akalazwa nyumbani kwao Loyola miezi mingi. Aliomba vitabu vya mashujaa na mapenzi, ambavyo ndivyo vilivyokuwa burudani ya wakati ule, vikakosekana. Akapewa maisha ya Kristo na visa vya watakatifu. Akawa anawaza pande zote mbili kwa zamu. Aligundua kwamba mawazo ya sifa za dunia yalimfurahisha wakati wa kuwaza, na baada ya hapo yakamwacha mkavu na mwenye kinyongo. Mawazo ya kufuata nyayo za watakatifu yalimfurahisha, na furaha ikabaki hata alipoyaacha. Kwa muda mrefu hakuiona tofauti hiyo, hata siku moja macho yakamfunguka.

Kipimo hicho kinafanya kazi kwenye habari. Usijiulize ulijisikiaje wakati wa kusoma, kwa sababu habari ya kashfa husomwa kwa utamu. Jiulize robo saa baadaye, simu ikiwa chini: umebaki na nini? Zipo habari za huzuni kubwa zilizoniacha na utulivu wa ajabu na hamu ya kusali, na zipo habari nyepesi kabisa, za mastaa na ugomvi wao, zilizoniacha kama mtu aliyekula sukari kwa kijiko.

#8 – Mchangiaji

Mimi nina mashaka ya kweli. Nimefunga mitandao Kwaresima tatu mfululizo. Kila Pasaka nimerudi na njaa kubwa kuliko niliyoondoka nayo, na siku arobaini zimeliwa na siku nne. Nawe ulirudije?

#9 – Mleta uzi

Vibaya. Jumatatu ya Pasaka niliitoa simu kwenye droo ili nione "mara moja tu" yaliyotokea, nikainua kichwa baada ya saa mbili na nusu, chai imeganda utando juu. Niliyapeleka hayo kitubio. Padre hakunikemea, aliniuliza tu kama katika zile saa mbili na nusu kuna mtu nilikutana naye. Sikuwa na jibu, na ndipo nikalikumbuka daftari.

Tangu hapo utaratibu wangu ni huu, nao haujatimia miezi mingi, kwa hiyo msiuchukue kama sheria. Asubuhi hakuna habari mpaka Masifu na kazi za mwanzo zipite. Habari nazisoma mara moja, baada ya Malaika wa Bwana ya jioni, kwa dakika ishirini, nikiwa nimekaa kwenye kiti, kamwe si kitandani. Nikimaliza naandika majina matatu, au hali tatu kama majina hayapo, na hayo ndiyo nia ya rozari ya usiku. Jumapili, yanapofika Maombi ya Waamini, ambayo Mtaguso uliyarudisha katika Misa ili tuombee Kanisa, watawala, wenye shida na dunia nzima, ninakuwa na watu wa kuwaingiza humo kimyakimya. Zamani sehemu hiyo nilikuwa nikiitikia "Ee Bwana, twakuomba utusikie" kama mtu anayepiga mhuri kwenye makaratasi ya wengine. Siku za Ijumaa sisomi kabisa. Kundi la kwaya liko wazi siku zote.

Naanguka mara kwa mara. Ila nikianguka, sasa najua kwamba nimeanguka.

#10 – Mchangiaji (mwandishi wa habari)

Nimerudi kwa jambo moja ambalo limenikaa tangu jana. Ndugu mleta uzi, umelisimulia tukio la Teresa na Pranzini kwa upande wa Teresa. Mimi nimemfikiria mwandishi. Kulikuwa na mtu alfajiri ile pale kwenye mashine ya kukatia vichwa, na daftari lake. Angeweza kuandika kwamba hukumu imetekelezwa saa fulani, akaishia hapo, na hakuna mhariri ambaye angemlaumu. Aliona mtu akigeuka na kubusu msalaba, akahesabu, na akaandika kwamba ilikuwa mara tatu. Hakujua kwamba kuna msichana wa miaka 14 anayeisubiri sentensi hiyo kama jibu la sala. Nami leo usiku nina zamu, na nina habari ya mtu ambaye kila mtu ameshamhukumu.

#11 – Mleta uzi

Upande huo sikuwahi kuutazama. Umenifanya niubadilishe utaratibu wangu katika jambo moja: zile dakika ishirini nilikuwa nikizigawa kwa vichwa vya habari kumi au kumi na viwili, na kuanzia leo nitasoma habari moja tangu mwanzo hadi mstari wa mwisho. Mtu wako nimemwandika kwenye daftari bila jina, na wewe nimekuandika chini yake.